Ombi Linalotaka Nambari ya Kitambulisho

Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayoeleza namna ya kupeleka ombi Bungeni. Si sheria ndefu, na ukiisoma kwa utulivu utaona imetungwa ili mtu wa kawaida aweze kuifuata bila wakili. Ombi liwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Liandikwe kwa mkono au lipigwe chapa, kwa lugha ya heshima na staha, bila maneno yaliyofutwafutwa wala yaliyochomekwa juu ya mstari. Liseme kama jambo lenyewe liko mahakamani au la. Kisha, kule chini, liwe na majina ya waombaji, anwani zao, sahihi au alama ya dole gumba, na nambari za vitambulisho vyao.

Haya, sasa wewe ni mtu ambaye unachoomba ni hicho kitambulisho.

Nina saiba huku Kwale, kando ya barabara iendayo Lunga Lunga. Tunapiga fotokopi, picha za pasipoti, fomu za serikali na barua za kuomba kazi, na msimu wa mitihani ukifika watoto wa shule hujazana kuprinti karatasi za marudio. Kazi hii inakujulisha mambo ya watu hata usiyotaka kuyajua. Nani kaachika, nani anadaiwa na benki, nani umri wake wa kwenye cheti haulingani na mvi zake. Chifu anajua wanachosema watu. Mimi najua zinachosema karatasi zao.

Siku moja walikuja wazee wa kijiji kimoja cha wavuvi wenye asili ya Pemba, na daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula. Walitaka lipigwe chapa liwe ombi. Kurasa za mbele zilikuwa na maelezo: babu zetu walikuja lini, walitua wapi, wamezikwa wapi. Kurasa za nyuma zilikuwa jedwali la safu nne: jina, kijiji, nambari ya kitambulisho, sahihi. Safu ya tatu ilikuwa nyeupe karibu yote. Mmoja alikuwa ameandika "hana". Mwingine kachora kistari. Na mmoja, bila shaka kijana, kwa kalamu nyekundu: "ndiyo tunayoiomba".

Nikamuuliza mzee aliyeshika daftari, baba, hii safu tuifanyeje? Tuiondoe? Akaitazama, akanirudishia daftari. "Mwanangu, iache hivyo hivyo. Wakiuliza iko wapi, jibu wanalo wao."

Nikaipiga hivyo hivyo, pamoja na maneno ya kalamu nyekundu.

Wasomaji wengi hawajui, na hata mimi nilikuwa sijui mpaka nilipoanza kuchapa karatasi hizi, kwamba haki ya kupeleka ombi nchini Kenya si ya raia peke yao. Katiba ya 2010, Ibara ya 37 na ya 119, inampa kila mtu haki hiyo: kukusanyika kwa amani bila silaha, kuandamana, kuwasilisha ombi kwa mamlaka, kuliomba Bunge. Kura ni ya raia. Ombi ni la yeyote. Kwa mtu asiyetambuliwa na nchi yoyote duniani, huo ndio mlango mmoja ambao sheria imeuacha bila kufuli, hata kama fomu yenyewe imesahau kwamba wapo watu wa namna hiyo.

Tatizo lao nililijua kabla sijajua kama lina jina. Tulisoma na msichana mwenye majina mawili: la Kidigo kwenye rejista ya mwalimu, na la Kimakonde nyumbani kwao. Hakuna aliyeona ajabu. Baba yake hakuwa na kitambulisho, na bila kitambulisho cha mzazi cheti cha kuzaliwa ni shida, na bila cheti mtihani ni shida. Basi jirani Mdigo akamwandikisha kuwa wake. Familia ngapi za pwani zimezaa watoto wa karatasi namna hii, sijui kama kuna atakayewahesabu. Ilikuwa hisani ya kweli. Lakini mtoto alikua akijua kwamba kila cheti atakachopata, kuanzia cha darasa la nane, kinamtaja mtu mwingine.

Wamakonde wa Kenya hawakujipenyeza usiku. Waliitwa. Kuanzia miaka ya 1930 mashamba ya mkonge ya Kilifi na Taita, na ya miwa hapa Ramisi, yalikuwa na njaa ya vibarua, na kaskazini ya Msumbiji kulikuwa na watu waliokuwa wakiukimbia utawala wa Mreno, kodi zake na kazi zake za kulazimishwa. Wakavuka mto Ruvuma, wakafanya kazi Tanganyika, wengine wakaendelea hadi huku. Walikata mkonge, walikata miwa, walichonga mpingo. Ukiwaona wazee waliobaki huwezi kuwakosea: chale zimejipanga usoni kama zilivyopangwa na fundi, na baadhi ya bibi wana tundu la ndonya, lile pambo lao, kwenye mdomo wa juu. Kwa polisi hilo lilirahisisha kazi. Hakuhitaji kumwomba mtu karatasi, alimsoma uso.

Na kuomba kwa serikali hawakukuanzia Kenya. Tarehe 16 Juni 1960, Wamakonde walikusanyika Mueda, kaskazini ya Msumbiji, mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane walikuwa wametoka Tanganyika kuzungumza na serikali kuhusu uhuru na kuhusu wenzao walioko ng'ambo waliotaka kurudi makwao. Wakakamatwa. Watu walipopinga, risasi zikapigwa. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilikuwa kikitaja waliouawa kuwa 600. Watafiti wengine wametaja idadi ndogo zaidi kwa mbali. Lakini hata ukichukua ile ndogo, hao ni watu waliokwenda kusema na serikali mchana kweupe, wakarudishwa wamebebwa. Vita vikaanza 1964, Msumbiji ikapata uhuru 1975, kisha vikafuata vita vingine mpaka 1992. Anayeuliza "mbona hawakurudi kwao" angetaja mwaka anaoutaka, tumsaidie kukumbuka mwaka huo kulikuwa na nini.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, mpango wa uraia ulikuwa, kwa kifupi, hivi: uliyezaliwa Kenya kabla ya siku hiyo unakuwa raia wa moja kwa moja ikiwa angalau mzazi wako mmoja naye kazaliwa Kenya. Mtoto wa kibarua aliyetoka Msumbiji, mama katoka Msumbiji, hakuingia hapo. Ila watakaozaliwa Kenya baada ya uhuru walikuwa na bahati, maana mwanzoni kuzaliwa nchini kulitosha. Bahati hiyo nayo ikaja kuondolewa. Mwaka 1985 Katiba ilibadilishwa, ikataka mzazi mmoja awe raia wa Kenya, na mabadiliko yakarudishwa nyuma hadi siku ya uhuru. Nilipolisoma hilo nilirudia mara mbili. Mtu ana miaka ishirini, kazaliwa Msambweni, sheria inamwambia kwamba tangu alipolia mara ya kwanza hakuwa raia. Na wengi hata hawakujua kwamba kuna kitu wamenyang'anywa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa wanacho.

Kiwanda cha Ramisi kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980 mambo yakawa mabaya zaidi. Wakati wa kazi, kadi ya kampuni ilikuwa inamtetea mtu kidogo. Polisi akikusimamisha unasema mimi wa kiwandani. Kazi ikafa, kadi ikabaki karatasi. Nimewahi kupiga fotokopi kadi ya namna hiyo. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kukaa hivyo miaka mingi hata mikunjo ikageuka nyufa, rangi kama chai ya maziwa, jina la marehemu limefifia lakini mhuri bado unasomeka. Niliiweka juu ya kioo cha mashine kwa ncha za vidole, na mjukuu wake akasimama nyuma yangu bila kupumua. Nilifikiri ni ukumbusho wa kifamilia tu. Kumbe ndiyo ilikuwa hoja yao nzima.

Kwa sababu sheria ilikuja. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilikuwa na kifungu kwa ajili ya watu wasio na uraia wowote ambao wamekuwa wakiishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, na vingine kwa wahamiaji wa kabla ya siku hiyo na kwa watoto wao. Masharti si magumu ukiyasoma: usiwe umefungwa jela miaka mitatu au zaidi, uelewe haki na wajibu wa raia, uwe na nia ya kuendelea kuishi hapa, na ujue Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji. Hilo la Kiswahili wazee wa asili ya Pemba walilicheka mpaka mmoja akakohoa. Karani wa bara awatahini Wapemba Kiswahili! Basi na iwe.

Ugumu haukuwa kwenye masharti. Ulikuwa kwenye ushahidi na kwenye saa. Mtu ambaye serikali ilikataa kumpa karatasi kwa miaka hamsini alitakiwa alete karatasi zinazoonyesha kuwa amekuwepo miaka hamsini. Na dirisha lilikuwa la miaka mitano tu, kuanzia 30 Agosti 2011. Huku kwetu ulipita mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, watu wengi hawajasikia kuwa dirisha lipo. Waliosikia walikwenda ofisini wakaambiwa fomu hazijafika, au waje na barua ya chifu, na chifu naye anasema yeye hawezi kumwandikia barua mtu asiye na kitambulisho. Nimeona kijana akizunguka duara hiyo mpaka viatu vyake vikaisha soli. Dirisha likafika ukingoni mwisho wa Agosti 2016; sheria iliruhusu liongezwe miaka mitatu, likaongezwa.

Oktoba hiyo hiyo ya 2016, Wamakonde walichoka. Watu wapata 300, pamoja na mashirika ya haki za binadamu yaliyokuwa yakiwasaidia, waliondoka Kwale kuelekea Nairobi kumwona Rais. Ni zaidi ya kilomita 500. Walikuwamo akina mama na wazee. Fikiria ujasiri wake kwa namna hii: kwa miaka yote hiyo, safari ya kawaida tu ya kwenda Mombasa ilikuwa hatari kwao, maana kila kizuizi cha polisi barabarani ni swali wasilo na jibu lake. Wengi walikuwa hawajawahi kuvuka kivuko cha Likoni bila moyo kudunda. Leo wanashika barabara kuu, mchana, na mabango, wakijua polisi watawasimamisha. Na waliwasimamisha. Wakaendelea.

Tarehe 13 Oktoba Rais Uhuru Kenyatta akawapokea Ikulu, akaagiza wapewe vitambulisho kufikia Desemba. Mwanzoni mwa 2017 vikatolewa, na Wamakonde wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Huku kwetu ngoma zilipigwa usiku kucha. Saiba ilijaa wiki nzima: watu wanataka fotokopi ya kitambulisho, mbele na nyuma, kisha wanataka nyingine, kisha wanataka ilaminetiwe hiyo fotokopi. Bibi mmoja alinitaka niikuze iwe ukubwa wa kalenda. Nikamkuzia, na pesa sikuchukua.

Nimeandika haya yote ili nifike hapa. Furaha ile ilikuwa ya kweli na mimi nilikuwemo ndani yake. Lakini tangu wakati ule nimekuwa nikisumbuliwa na jinsi tulivyoshukuru. Tulishukuru kama watu waliopewa zawadi. Sheria ilikuwepo tangu 2011. Kilichokosekana ni karani wa kuitekeleza, fomu, na gari la kufika kijijini. Vitu vya kawaida vya ofisi. Wamakonde hawakwenda Ikulu kuomba sheria mpya. Walikwenda kumwomba mkuu wa nchi awaambie wafanyakazi wake wafanye kazi. Na ikawa hivyo, kwa miezi michache, baada ya nusu karne. Sitaki kumpunguzia mtu sifa yake, ila kalenda inasema pia kwamba uchaguzi mkuu ulikuwa Agosti 2017, na wapiga kura wapya walikuwa na kumbukumbu nzuri ya aliyewapokea.

Ubaya wa hisani ni kwamba inamfikia aliyeonekana. Washona walikuja Kenya kutoka Zimbabwe ya leo kuanzia karibu 1960, watu wa dini, wafuasi wa mhubiri Johane Masowe, wakakaa Kiambu na pembeni mwa Nairobi wakiishi kwa useremala na kusuka vikapu. Sheria ile ile ya 2011 iliwahusu. Walisubiri mpaka Sikukuu ya Jamhuri ya 2020, Rais akatangaza kwamba Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda watapewa uraia. Wapemba wakaingia Julai 2023, kwa Rais mwingine, Kilifi. Hesabu mwenyewe: hata kwa ile nyongeza ya miaka mitatu, dirisha lilifikia mwisho Agosti 2019. Makundi hayo yote yalitambuliwa baada ya hapo. Kwa hiyo dirisha lilipokuwa wazi hawakupita, na lilipofungwa wakapitishwa. Nani ataniambia kwamba kilichofanya kazi hapo ni sheria?

Wapemba nitawakalia kidogo kwa sababu ndio wateja wangu zaidi. Wengi babu zao walikuja na bahari. Mvuvi wa Pemba huenda dago: pepo zikigeuka anahama na chombo, anapiga kambi kwenye ufuo mwingine, wiki kadhaa, miezi, anarudi. Maji ya Vanga, Shimoni na Pemba ni maji mamoja. Mpaka uliochorwa na wakubwa samaki hawaufahamu. Wengine wakaoa, wakabaki, na baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wakaongezeka waliokimbia. Watoto wao na wajukuu wao ndio wavuvi hodari wa bahari kuu kwenye pwani hii, na hao hao ndio waliokuwa hawawezi kupata leseni ya uvuvi, wala kusajili chombo, wala kuwa wanachama kamili wa kikundi cha kusimamia ufuo.

Kwa hiyo leseni ilikuwa ya tajiri, chombo kwa jina la tajiri, na bei ya samaki alipanga tajiri. Unaweza kubisha? Utakwenda kumshtaki kwa nani, wewe mwenyewe huna karatasi? Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la shemeji, na pesa za M-Pesa zinaingia humo humo. Siku mkikosana na shemeji, akiba yako ya msimu mzima wa kusi iko mfukoni mwake, kihalali. Nimemwona mtu mzima, nahodha anayeheshimiwa na kijiji kizima, akikaa kwenye benchi langu akisubiri kijana wa miaka kumi na tisa aje kumtolea pesa zake kwa kitambulisho chake. Kijana alikuwa na adabu, akamwamkia shikamoo, akampa zote. Lakini alichelewa saa mbili, na nahodha hakuwa na la kumwambia.

Sasa kuna hili la kabila, na hapa najua wengine hatutakubaliana. Njia iliyozoeleka Kenya ni kwamba jamii inatambuliwa kama jamii: Wamakonde wa 43, Wahindi wa 44 Julai 2017, wakati wa kampeni (ingawa wao wengi walikuwa raia tayari, wakitaka tu wahesabiwe), kisha wengine nyuma yao. Sherehe inapendeza, televisheni inakuja. Lakini uraia ukipitia kwenye kabila, anayeachwa nje ni yule asiyejaa vizuri ndani ya kabila moja, na mashamba ya mkonge yalikuwa na kila mtu. Kuna kaka mmoja huja kwangu, mama yake Mmakonde, baba yake Mrundi, kazaliwa kambi ya shamba la mkonge Taita. Wakati wa usajili wa Wamakonde, wazee wa kamati walimuuliza baba yako nani. Akasema ukweli. Wakamwambia kwa upole kwamba hao wako watakuja na zamu yao. Wale wazee siwalaumu; walikuwa wamepewa kazi ya kulinda orodha isiingie wageni, wao ambao juzi walikuwa wageni. Lakini angedanganya, leo angekuwa Mkenya.

Na hizo kamati za kupima nani ni nani zina historia yake. Wanubi wa Kibra, ambao babu zao walikuja na jeshi la Mwingereza kutoka Sudan, wamehojiwa na kamati vizazi na vizazi kuhusu babu na nyanya zao, jambo ambalo Mkenya wa Murang'a hajawahi kuulizwa. Walifika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za mtoto, na Machi 2011 wakashinda: ikaamuliwa kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Februari 2025 Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuondoa uchunguzi huo wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Ni hatua. Ila angalia, hata hiyo imekuja kwa tangazo la Rais, mbele ya umati.

Wapo wanaosema nalainisha mambo. Tupo karibu na mpaka, wanasema. Ukifungua mlango, kila mtu kutoka ng'ambo ataingia na kudai babu yake alikata mkonge. Na kweli, wapo wenye vitambulisho viwili, cha huku na cha Tanzania, na kila uchaguzi kuna maneno ya wapiga kura wa kuletwa kwa malori. Sikatai. Ila mwenye vitambulisho viwili na asiye na hata kimoja ni watu wawili tofauti kabisa, na yule wa kwanza hajawahi kukosa njia. Anajua nani wa kumwona na bei yake. Masharti magumu yanamkamata mkweli, kama yule kaka wa Taita. Na kama hofu ni usalama, sielewi usalama unapatikana vipi kwa kuwa na maelfu ya watu ambao serikali haijui majina yao halisi, wanaotumia laini za simu za mashemeji.

Tanzania nayo si malaika. Iliamua kuwapa uraia Warundi waliokimbia 1972 na kukaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya watu 160,000, jambo ambalo nchi tajiri zingelipigia makelele miaka kumi. Lakini waliokubaliwa kufikia 2010 walikaa wakingoja vyeti mpaka 2014, si raia si wakimbizi, kwa sababu serikali ilitaka kwanza wahame makazi yale. Ilipoachana na sharti hilo vyeti vikaanza kutoka. Tofauti ninayoiona ni kwamba kule mtu alijaza fomu yake mwenyewe, kwa jina lake, akajibiwa yeye. Hakuhitaji kwanza kuwa kabila.

Hicho ndicho ambacho ningekitaka hapa, na ndicho ninachowaambia wazee wakija na daftari jingine: ombeni ofisi. Si sherehe, si siku moja ya Mheshimiwa kuja na helikopta. Ofisi yenye karani anayepokea ombi la mtu mmoja, Jumatatu ya kawaida, isiyo na dirisha linalofungwa Agosti, inayokubali kadi ya kiwanda, cheti cha ubatizo, ushahidi wa imamu au wa jirani aliyeapa, na inayotakiwa kumjibu kwa maandishi kwa nini amekataliwa, ili aweze kukata rufaa. Wazee hunisikiliza kwa heshima. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, ofisi haichezi ngoma." Alikuwa na maana kwamba wanasiasa hawatakuja bila ngoma, na sikuwa na la kumjibu.

Kwa walio huku Kwale na Kilifi wanaosoma haya: waliopata vitambulisho wengi bado watoto wao hawana vyeti, kwa sababu walizaliwa wakati mzazi hana karatasi, na wengine waliandikishwa kwa majina ya majirani. Kubadilisha hilo kunawezekana, lakini kunachukua muda, na mtoto akikaribia mtihani huwa mmechelewa. Kusanyeni kila kitu sasa: kadi ya kliniki ya mama, cheti cha ubatizo au barua ya madrasa, kitambulisho kipya cha mzazi, na kama mtoto yuko kwa jina la jirani, huyo jirani aje mwenyewe kabla hajahama au hajafariki, aandike kiapo. Msikunje karatasi za zamani tena. Ziwekeni zimelala ndani ya faili. Asiyeweza kuandika maelezo aje nayo mdomoni, tutakaa tuyaandike pamoja. Asubuhi kabla ya saa nne watoto wa shule hawajajaa.